JIKO LA KUNI LA STAA ULAYA, MALUNGU YA UFIPA NA KIKOHOZI CHA BIBI WA MWAZYE

Kuna staa mmoja wa Bongo, jina kapuni, Desemba iliyopita alirusha video yuko Uingereza kwa jamaa zake. Kakaa kwenye zulia, kikombe cha chai mkononi, pembeni yake jiko la kuni la chuma lenye mlango wa kioo, moto unawaka taratibu. Watu wakamvaa kama kawaida. Mmoja akaandika, "Umekimbia kuni kijijini, umezifuata Ulaya?" Wengine wakasema lile ni pambo tu, ndani kuna taa.

Mimi nilicheka peke yangu, maana usiku huohuo nilikuwa nabishana kwenye simu na shangazi kuhusu jiko la Bibi kule Mwazye. Bibi anakohoa. Si kikohozi cha mafua, ni kile kinachokuja alfajiri akishawasha moto na kukaa naye mpaka saa nne. Macho mekundu mwaka mzima. Ukoo ukachanga hela. Shangazi anataka mtungi wa gesi. Mjomba anasema jengeni jiko la udongo. Binamu yetu wa Sumbawanga mjini anasema mnunulieni la mkaa yaishe. Hela inatosha kitu kimoja tu, na kazi ya kuchagua nikapewa mimi, eti kwa sababu "wewe ndo unashinda mtandaoni".

Basi nikaanza kusoma kuhusu majiko ya moshi mdogo, na jambo la kwanza nililogundua ni kwamba staa wetu alionewa. Lile jiko ni la kuni kweli, na kule aliko huwezi kuwasha jiko lolote unalojisikia.

Stori yake ni hii. Tarehe 5 mpaka 9 Desemba 1952, jiji la London lilifunikwa na ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe. Baridi kali, hewa imesimama, kila nyumba inachoma makaa kupata joto, moshi hauna pa kwenda. Mabasi yalisimama kwa sababu madereva hawakuona barabara. Hesabu ya mwanzo ilisema waliokufa ni kama 4,000. Watafiti wa baadaye wakasema huenda walifika 12,000. Serikali ilivutana sana, lakini mwaka 1956 ikapitishwa sheria ya hewa safi, ikazipa halmashauri mamlaka ya kutangaza maeneo ambayo ni marufuku bomba la nyumba yako kutoa moshi. Maeneo hayo yapo mpaka leo, sehemu kubwa ya London imo. Ukitaka kuchoma kuni humo lazima jiko lako liwe kwenye orodha ya majiko yaliyopimwa na kuruhusiwa. Bomba likitoa moshi unaweza kupigwa faini mpaka pauni 300. Na tangu 2021, kuni zinazouzwa kwa mafungu madogo kule England lazima ziwe kavu, unyevu usizidi asilimia 20. Yaani muuza kuni anatakiwa ajue maji yaliyomo kwenye gogo! Ukimwambia hivyo mama anayeuza kuni Matai atakuuliza kama umekula.

Ila hapo kwenye unyevu ndo penye siri yote. Moshi ni kuni ambayo haijaungua. Mti ukipata joto hautoi mwali moja kwa moja, kwanza unatoa gesi, na zile gesi ndizo zinazowaka. Joto likiwa dogo, au hewa ikiwa haba, gesi zinaponyoka bila kuungua, zinapoa, zinakuingia machoni. Kuni mbichi inatumia joto lake kukausha maji yake yenyewe, ndo maana inafuka badala ya kuwaka. Jiko la yule staa lina matundu yanayoingiza hewa iliyokwisha kupashwa moto juu ya mwali, ili gesi zilizotoroka chini zimaliziwe juu. Kinachobaki kinapandishwa na dohani mpaka nje. Hakuna uchawi.

Na tukigusa uchawi, karibu Ufipa. Wenyeji watakuambia jina Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Bongo nzima inatutania kwa jina hilo, tumezoea. Kinachonikera ni kwamba watu wanajua utani tu, hawajui kwamba babu zetu walikuwa mafundi wa moto wa kiwango cha juu sana.

Ukitembea uwanda wa Ufipa, kuanzia Nkasi mpaka huku kwetu, utakutana na minara ya udongo iliyosimama peke yake porini, mara nyingi karibu na kichuguu. Mingine mizima, mingine imeanguka nusu. Kwa Kifipa ni ilungu, ikiwa mingi ni malungu. Ni matanuru ya kuyeyushia chuma, marefu kama mita 3, yamejengwa kwa udongo wa kichuguu. Watafiti wa kizungu waliandika juu yake, na Profesa Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyachimba na kuyachambua kwa kina miaka ya 1990.

Cha kushangaza ni hiki. Sehemu nyingi duniani, mfua chuma anahitaji mivukuto, watu wanapuliza mpaka mikono inakufa ganzi. Ilungu halikuhitaji mtu wa kupuliza. Chini lina milango kuzunguka, kwenye milango inaingizwa mirija ya udongo, halafu urefu wa tanuru wenyewe unafanya kazi. Hewa ya moto ndani ni nyepesi, inapanda, ikipanda inavuta hewa baridi kutoka chini, moto unazidi, unavuta zaidi. Linajipuliza lenyewe siku mchana na usiku. Mivukuto ilikuja baadaye, kwenye tanuru dogo la kusafishia chuma kiwe tayari kwa jembe. Kazi nzima ilikuwa na miiko, na tanuru lilipambwa kama bibi harusi, maana lilihesabiwa ni mama anayekwenda kuzaa chuma. Majembe ya Ufipa yalikuwa mali, yalilipa hata mahari. Yalikuja kuuawa na majembe ya dukani ya bei rahisi wakati wa ukoloni.

Kwa hiyo kanuni ya dohani, ambayo London waliihangaikia kisheria, ilisimama Ufipa kama mnara wa udongo. Nilitaka kumpigia mjomba simu nimwambie tushinde kwa historia.

Nikajizuia, kwa sababu nilipoendelea kusoma nikakuta kitu cha kunirudisha chini. Ilungu halikuwa jiko la moshi mdogo hata kidogo. Fundi wa chuma alikuwa anautaka moto usiungue vizuri! Ndani ya tanuru alihitaji ile gesi ya kaboni monoksaidi, inayotokea mkaa ukikosa hewa ya kutosha, kwa sababu ndiyo inayonyang'anya jiwe oksijeni yake na kuacha chuma. Na lilikula miti. Leo uwanda wa Ufipa ni nyasi na upepo, kuni zinafuatwa mbali. Sitasema ni malungu peke yake yaliyofanya hivyo, kuna kilimo, kuna moto wa nyika, kuna matofali ya kuchoma. Ila na yenyewe yamo.

Hiyo gesi ndo iliyomtoa binamu kwenye mjadala. Jiko la mkaa halitoi moshi unaouona, ndo maana watu wa mjini tunaliamini. Lakini kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Mwazye iko juu, Juni na Julai baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, na kila mtu wa nyanda za juu anajua stori ya familia iliyoingiza jiko la mkaa chumbani, ikafunga mlango, asubuhi hawakuamka. Nikamwambia binamu: Bibi akiwa na jiko la mkaa, Julai atalala nalo. Akanyamaza. Anamjua Bibi.

Gesi sasa. Shangazi hajakosea, nisije nikaonekana napinga. Kwa moshi tu, hakuna kuni inayoishinda gesi. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034, na REA imekuwa ikisambaza mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zimeagizwa kuachana na kuni na mkaa. Hiyo ndo marufuku yetu ya moshi, ukipenda kulinganisha na London, ila imeanzia kwenye masufuria makubwa ya shule na magereza, haijafika kwenye mafiga ya Bibi. Shida ya Bibi ni maharage. Maharage ya Ufipa yanachemka nusu siku. Mtungi mdogo hautamfikisha mbali, na ukiisha mtu apande bodaboda nao mpaka Matai, alipe kuujaza na alipe nauli. Nilijua kitakachotokea: mtungi utawekwa kitambaa cha kufuma juu yake, ukae sebuleni karibu na picha ya Kardinali Pengo, mtoto wa Mwazye aliyezaliwa 1944 na kufika mbali. Bibi atarudi kwenye mafiga.

Ikabaki hoja ya mjomba. Jiko banifu la kuni lina historia yake. Mwaka 1982 Mmarekani mmoja, Larry Winiarski, alichora kanuni za jiko ambalo sasa dunia nzima inaliiga: njia ya kuni imelala, halafu inapinda kwenda juu kama herufi L, ndani kuna kidohani kifupi ambamo gesi zinaungua kabla hazijagusa sufuria. Kuni ziwe nyembamba, zikae juu ya kibao ili hewa ipite chini yake. Pembeni ya sufuria pabaki nafasi ndogo tu, moto uilambe sufuria badala ya kukimbia. Ukiangalia kile kidohani utaona ni ndugu mdogo wa ilungu. Joto linapanda, linavuta hewa lenyewe, hupulizi.

Kosa wanalofanya mafundi wengi vijijini ni kudhani udongo mnene unatunza joto. Hautunzi, unalila. Asubuhi jiko zito la udongo linakunywa moto wako nusu saa nzima kabla sufuria haijapata kitu, na wakati huo moshi ndo mwingi. Chumba cha moto kinatakiwa kiwe cha tofali jepesi, lenye vitundu ndani: udongo uliochanganywa na pumba au vumbi la mbao, ukichomwa pumba zinaungua zinaacha nafasi za hewa. Nafasi hizo ndizo zinazozuia joto lisipotee.

Kabla sijatuma hela, nikakutana na habari ya Malawi, na naiweka hapa kwa sababu wauza majiko hawataisema. Watafiti waligawa majiko ya kisasa yenye feni kwa kaya za Chikhwawa na Karonga. Karonga si mbali na Kyela yetu. Walifuatilia watoto zaidi ya 10,000 wa chini ya miaka mitano, na matokeo yakatoka mwishoni mwa 2016: nimonia haikupungua. Kuungua moto kulipungua, nimonia haikupungua. Majiko yaliharibika, watu waliendelea na mafiga pembeni, jirani naye anafukiza, takataka zinachomwa uani. Kifua cha mtoto hakijui moshi umetoka jiko gani.

Kwa hiyo sikununua jiko peke yake. Mvua zilipokata, Mei, fundi alijenga jiko banifu la matundu mawili lenye dohani inayotoka juu ya paa. Sehemu ya hela ikaezeka kibanda cha kuni pembeni ya jiko, kuni zipasuliwe nyembamba na zikauke msimu mzima kabla ya kutumika. Mjomba alilalamika hela ya bati. Nikamwambia bila hilo bati, jiko halina maana. Nikamwomba Bibi na maharage ayaloweke usiku kucha.

Julai nikampigia. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akanisifia jiko dakika mbili nzima: kuni chache, macho hayamwagi machozi, sufuria hazina masizi mengi. Kukohoa kumepungua, hakujaisha. Halafu akasema, "Lakini mjukuu wangu, umenijengea jiko, moto wa kuota uko wapi?"

Sikuwa na jibu. Mafiga yalikuwa yanampikia na kumpasha joto kwa wakati mmoja, tena moshi wake ulikuwa unalinda mahindi ya mbegu yaliyoning'inia juu na kufukuza wadudu kwenye nyasi za paa la jiko. Jiko langu linapeleka joto kwenye sufuria, na linalobaki linatoka na dohani. Lile la staa Uingereza ni kinyume chake kabisa, halipiki chochote, kazi yake ni kuotwa.

Shangazi ameniambia juzi kwamba mafiga matatu hayajatupwa. Yako nyuma ya nyumba, ubavuni mwa ukuta usiopigwa na upepo, na jioni kuna majivu ya moto moto. Bibi anakaa hapo na blanketi. Angalau ni nje. Sasa mjomba anauliza kama lile jiko la kioo linaweza kutengenezwa na mafundi wa Sumbawanga mjini, kwa pipa la chuma. Nimeanza kuulizia bei ya bomba.