Uzamivu wa Uchumi: Nani Alipe?

Ndugu msikilizaji, kijana anayetaka shahada ya uzamivu katika uchumi huanza na swali moja: nani atanilipia?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa ng'ambo. Jumuiya ya Madola iliasisi udhamini wake mwaka 1959, nao ukawapeleka wengi Uingereza. Marekani wana utaratibu mwingine: chuo humsamehe mwanafunzi karo na kumpa posho, naye husaidia kufundisha. Wapo waliorudi nyumbani, na wapo waliolowea huko.

Mmoja wa waliorudi ni marehemu Profesa Benno Ndulu, aliyesomea uzamivu Chuo Kikuu cha Northwestern. Miaka ya 1990 aliongoza AERC, shirika la utafiti wa uchumi lililoanzishwa Nairobi mwaka 1988. Mwaka 2002 shirika hilo likazindua mpango wa uzamivu humu humu barani. Masomo ya darasani yakawekwa katika vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Ibadan, Cape Town na Yaoundé II. Safari ikafupika.

Je, mfuko nao ulirudi? Benki kuu kadhaa za Afrika zimechangia, lakini mzigo mkubwa waliubeba wafadhili wa nje. Nao wakibadili nia, mwanafunzi hukwama katikati ya tasnifu.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Wanaotuandalia bajeti hutoka katika madarasa haya. Tusipowasomesha wenyewe, tusishangae wakipima uchumi wetu kwa kipimo cha aliyewalipia.

Panapo majaliwa, tukutane juma lijalo.