Elimo Njau

Elimo Njau (alizaliwa 1932, Marangu, Kilimanjaro) ni mchoraji na mwandaaji wa maonyesho ya sanaa kutoka Tanzania. Alisomea sanaa katika Chuo cha Makerere, Uganda, chini ya mwalimu Margaret Trowell. Mwaka 1959 alikamilisha michoro mitano ya ukutani katika kanisa kuu la Mtakatifu Yakobo, Murang'a, Kenya, akimwonyesha Kristo Mwafrika katika mazingira ya Wakikuyu.

Mchango wake mkubwa zaidi, hata hivyo, ni Paa ya Paa, jumba la sanaa lililoanzishwa Nairobi mwaka 1965. Aliliasisi pamoja na wenzake, akiwemo mkewe wa wakati huo, mwandishi Rebeka Njau, wakati majumba mengi ya jijini yalimilikiwa na wageni na kulenga watalii. Elimo Njau hakutaka ukumbi wa kutundika picha tu: washairi, waigizaji na wachongaji walikutana humo, na msanii aliyenakili kazi za wengine alikemewa. Msimamo huo ulikuwa mkali, pengine kupita kiasi kwa biashara. Moto wa 1997 uliteketeza sehemu kubwa ya mkusanyiko wa jumba hilo. Kwao Marangu, Njau alianzisha pia jumba la sanaa la Kibo Art Gallery.