Rajabu na Sanduku la Livingstone

Mwaka 1872, masika yalipolifurisha bonde la Mkondoa, upande wa Kilosa, kijana mmoja wa msafara aliyeitwa Rajabu aliingia majini na sanduku kichwani. Ghafla akatumbukia shimoni, karibu azame. Ng'ambo alikuwa kiongozi wa msafara, Henry Morton Stanley, amemwelekezea bastola: ole wake akiliangusha. Sandukuni mlikuwa na barua na shajara za mvumbuzi David Livingstone. Rajabu akajikaza, akalivusha.

Tukio hilo limo, kwa maneno na kwa picha, katika kitabu ambacho Stanley alikitoa mwaka huohuo. Wazungu wengi waliiona Usagara, nchi hiyo ya upande wa Kilosa, kwa mara ya kwanza kwa picha kama hizo.

Picha zenyewe zilipita mikono mingi. Kwa mfano, mwaka 1860 wavumbuzi James Grant na John Speke walipita uwanda wa Mkata, ambao leo umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Walikuwa wameanza safari na kamera, lakini Speke aliirudisha pwani mapema. Aliona joto la hema ambamo Grant alisafishia picha lingemuua mwenzake. Grant akashika brashi na rangi za maji.

Michoro yake ilipofika London, Johann Baptist Zwecker, mzaliwa wa Frankfurt na fundi wa kuchora wanyama, alichora upya kadhaa kwa ajili ya kitabu cha Speke cha 1863. Miaka 3 baadaye akachora picha za kitabu cha mvumbuzi mwingine, Samuel Baker. Kisha wachongaji walichimba ubao mgumu, wakiacha mistari tu imeinuka ipokee wino. Grant alikuwa ameyaona mambo kwa macho yake. Zwecker aliyapokea kwenye karatasi, na bado mkono wa Zwecker ndio wasomaji waliouamini.

Katika vitabu hivyo mpagazi kwa kawaida ni kivuli nyuma ya mzungu. Ndiyo maana picha ya Rajabu ina uzito wa pekee: bastola ni ya Stanley, lakini kazi yote iko kichwani mwa Rajabu.

Mwanzoni mwa 2010 Mto Mkondoa ulifurika tena, ukaharibu reli ya kati na kuwaacha maelfu ya watu wa Kilosa bila makazi. Aliyeyaona maji yale anajua kijana yule alikuwa ameingia katika nini.