Chanjo Iliyotupwa Marekani

Mtoto wa miezi minane akianza kutapika na kuharisha, hakosekani shangazi au jirani wa kusema, "Muacheni, anaota meno." Wanaosema hivyo si wajinga. Umri wa kuota meno ndio huohuo ambao ugonjwa huu huwashika watoto kwa ukali zaidi. Lakini meno yanasingiziwa. Na madaktari nao kwa miaka mingi hawakuwa na jibu bora: walipima kinyesi, wakakosa bakteria, wakabaki kukisia.

Jibu lilipatikana mwaka 1973, katika hospitali ya watoto ya Melbourne, Australia. Bibi Ruth Bishop na wenzake walichukua vipande vidogo vya utumbo wa watoto 9 waliokuwa wakiharisha, wakavitazama kwa hadubini ya elektroni. Kwa watoto 6 waliona virusi ndani ya seli. Mwaka uliofuata Thomas Flewett wa Uingereza, kwa kuwa virusi hivyo vilifanana na gurudumu, akapendekeza viitwe rota, neno la Kilatini lenye maana hiyohiyo.

Virusi vya rota havichagui tajiri wala maskini. Hata watoto wa Ulaya na Marekani, wenye maji safi ya bomba, waliambukizwa karibu wote kabla ya kutimiza miaka 5. Tofauti ilikuwa kwamba wao waliwekewa dripu wakapona. Wa kwetu wengi waliishiwa maji mwilini kabla ya kufikishwa zahanati.

Agosti 1998 Marekani iliidhinisha chanjo ya kwanza, RotaShield. Haikumaliza hata mwaka. Julai 1999 ilisimamishwa, na Oktoba kampuni ikaiondoa sokoni. Ilionekana kwamba kwa baadhi ya watoto waliochanjwa, kwa makadirio mmoja katika kila 10,000, utumbo ulijiingiza ndani ya utumbo, tatizo ambalo huweza kuhitaji upasuaji.

Mimi siwalaumu Wamarekani. Kwao virusi hivi viliua watoto makumi tu kwa mwaka. Kwa nini wajitie katika hatari hiyo? Lakini duniani kote, miaka hiyohiyo, vilikuwa vikiua takriban watoto nusu milioni kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Huku kwetu hesabu ilikuwa nyingine kabisa, ila haikupigwa. Waziri gani wa afya angethubutu kuwaambia akina mama wapokee dawa iliyotupwa Marekani?

Basi tukangoja. Chanjo mbili mpya zilitokea mwaka 2006, kila moja ikiwa imejaribiwa kwa watoto zaidi ya 60,000. Shirika la Afya Duniani likazipendekeza kwa nchi zote mwaka 2009. Tanzania ilizindua chanjo ya rota Desemba 2012, na Kenya mwaka 2014. Majaribio ya Malawi yalionyesha kinga ya karibu nusu tu, chini ya ile ya Afrika Kusini. Hata hivyo, kwa kuwa Malawi ugonjwa ulikuwa mwingi zaidi, katika kila watoto 100 waliochanjwa waliookolewa na kuharisha kukali walikuwa wengi kuliko Afrika Kusini.

Baadaye chanjo hizi mpya nazo zilionekana kuwa na hatari ileile ya utumbo, ingawa ni ndogo zaidi. Safari hii Marekani haikuzitupa.