Mlango wa Kushoto: Kutoka Machela hadi Porte katika Njia ya Ulyankulu

Wapelelezi Richard Burton na John Speke waliondoka Kaole mwezi Juni 1857, wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwezi Novemba. Katika misafara ya namna ile kila kitu kilikuwa na mahali pake. Pembe za ndovu, shanga na vitambaa vilibebwa begani au kichwani, na mzigo uliomshinda mtu mmoja ulifungwa kwenye mti wa mzigaziga, wakaubeba wawili. Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua frasila mbili, kama kilo 32, na juu yake mkeka, chungu na posho. Binadamu ndiye hakuwa na mahali. Wanawake waliofuatana na misafara walitembea, vyungu kichwani na watoto mgongoni. Waliobebwa kwa machela ni wagonjwa mahututi na wenye mali. Mmisionari David Livingstone alibebwa hivyo siku zake za mwisho mwaka 1873, kisha watumishi wake Chuma, Susi na wenzao wakauchukua mwili wake, wakapita Tabora, hadi Bagamoyo.

Historia ya njia hii imezoea kusimuliwa kwa pembe na kwa majina ya watawala. Mimi naiuliza swali moja: mama mwenye mtoto mgongoni alipanda nini, na alipandaje?

Ulyankulu, mkoani Tabora, ilikuwa nchi ya mtemi Mirambo. Alianza na utawala mdogo wa Uyowa, akauunganisha na Ulyankulu, akapanuka hadi kuishika njia ya Ujiji. Mwaka 1871 aliifunga. Waarabu wa Tabora wakampiga vita, naye mwandishi wa habari Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, akajiunga nao na kushindwa pamoja nao. Msafara uliotaka kupita katika nchi za watemi ulilipa hongo, na hongo wakati huo ilikuwa ushuru wa njia, kabla neno halijachafuka. Gurudumu halikuwepo. Mwaka 1877 wamisionari wa London Missionary Society walijaribu magari ya ng'ombe kutoka Saadani. Ng'ombe wakafa njiani, mizigo ikarudi mabegani.

Kisha ikaja reli. Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na upagazi wa masafa marefu katika njia hii ukapungua. Lakini reli ilipita Urambo na Kaliua, ikaiacha Ulyankulu upande wa kaskazini. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walileta matrekta Urambo kwa mradi wa karanga, mradi ukafa mapema, tumbaku ikashika nafasi. Mwaka 1972 Ulyankulu ikawa makazi ya wakimbizi waliokimbia mauaji ya Burundi. Wakafyeka pori, wakalima, wakazaa; mwaka 2014 maelfu ya watu wa kundi hilo la 1972 walikabidhiwa vyeti vya uraia wa Tanzania.

Trekta, behewa la mizigo, lori la tumbaku: vyote hivyo vilitengenezwa kwa ajili ya mzigo. Abiria wa lori alikanyaga tairi, akashika ubao, akajivuta juu ya magunia. Bibi kizee alisukumwa kwa nyuma, mtoto akapokelewa juu kama furushi. Hiace ilipokuja na mlango wa kuvuta ilipunguza adha, ingawa ngazi yake ni ndefu kwa goti la mzee, na mlango wenyewe ni mali ya konda.

Ndiyo maana nauheshimu mlango wa Raum. Toyota walilitoa gari hilo mwaka 1997, injini ya sisi 1,500, milango ya nyuma ikiteleza pande zote mbili. Jina ni la Kijerumani, maana yake nafasi. Toleo la mwaka 2003 lilikwenda mbali zaidi: upande wa kushoto nguzo ya katikati iliingizwa ndani ya milango yenyewe, hivyo ukiifungua yote miwili ubavu mzima unabaki wazi. Mwaka 2004 ikaja Porte, jina la Kifaransa lenye maana ya mlango. Kushoto ina mlango mmoja mpana unaoteleza kwa umeme, na sakafu iko chini kiasi kwamba mtu anaingia kwa hatua moja. Walioichora walianza na mwili wa anayepanda: mzee, mlemavu, mzazi mwenye mtoto mkononi.

Sisi, kama Wajapani, tunashika kushoto. Kwa hiyo mlango ule unafunguka upande wa ukingo wa barabara, na mtoto anashuka penye majani, mbali na lori linalopita. Ukaguzi wa lazima wa magari Japani unawafanya wengi wauze gari likiwa bado zima, nayo meli inalishusha Dar es Salaam. Huku bara magari madogo ya namna hii yameingia hata katika kazi ya michomoko, ya kubeba abiria.

Sakafu ile ile inayomhurumia mama ndiyo inayogonga matuta ya udongo masika, na barabara za vijijini zina udongo mwingi kuliko lami. Adui mwingine ni vumbi. Mlango wa kuteleza hutembea kwa magurudumu madogo ndani ya reli nyembamba ubavuni. Mchanga ukijaa humo, mlango huanza kulia, kisha kukwama katikati, na dereva mwenye haraka huuvuta kwa nguvu mpaka gurudumu linakatika. Hapo abiria wote wanarudi kuingia kwa kuinama mlango mwingine, na mama anatoa tena mtoto mgongoni ili apite.

Raum ilikoma kutengenezwa mwaka 2011, Porte mwaka 2020. Zilizobaki duniani ndizo hizo. Ewe uliye nayo, ukirudi kutoka Ulyankulu chukua brashi na kitambaa, uutoe mchanga kwenye reli ya mlango, kisha uipake grisi kidogo. Na abiria wa kwanza kesho awe yule mwenye mtoto.