Friji haizimi? Cheki haya kabla ya kumwita fundi

Wadau, luku ya mwezi ikawa haifikishi hata wiki mbili. Friji ambayo mama anagandishia barafu za ukwaju za kuuza ilikuwa inanguruma usiku na mchana. Fundi akasema gesi imeisha. Nikaomba siku moja, nikakagua mwenyewe:

1. Mpira wa mlango: bana noti mlangoni, vuta. Ikitoka kiulaini, hewa ya joto inaingia.
2. Nyuma: ule wavu mweusi ndio unaotoa joto. Chomoa umeme, futa vumbi, acha kama sentimita 10 kutoka ukutani.
3. Barafu nene ndani: zima, iyeyuke yenyewe. Ukichokoa kwa kisu utatoboa bomba la gesi.

Yetu ilikuwa vumbi na kubanana na ukuta. Sasa inazima, inapumzika. Yenu ikigoma bado na haipoi, hapo sasa muite fundi.