Kipande: kutoka shingoni hadi kwenye kompyuta

1/ Huku Hulugho, karibu na mpaka wa Somalia, usalama ukitajwa swali la kwanza ni: "Kipande kiko wapi?" Jina hilo limetoka kwa mkoloni, wanaume Waafrika walikivaa shingoni.

2/ Mwaka 1989 serikali iliwapiga msasa Wakenya Wasomali. Aliyepita alipewa kadi ya pinki, zaidi ya kitambulisho cha kawaida.

3/ 2019 ikaja Huduma Namba. Januari 2020 Mahakama Kuu ikakataza kuchukua DNA, ikaonya pia kwamba wasio na vitambulisho wanaweza kuachwa nje.

4/ Sasa wadau, kompyuta hujua tu kilichoandikwa jana. Aliyenyimwa kipande hasajili laini wala M-Pesa. Kabla ya mfumo mwingine, tuulize: nani hayumo, na kwa nini?